UZI MAALUMU: Kumleta mume au mke Uingereza. Hesabuni slipu za mshahara kabla ya kupanga tarehe ya harusi

BintiPangani (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila baada ya muda mfupi mtu anafungua uzi kuuliza viza ya mwenza ya Uingereza inataka nini. Wanamjibu watu ishirini, kila mmoja na lake, na nusu ya majibu ni ya enzi za Malkia. Naomba tuyaweke yote hapa. Mimi nipo Leicester, nina pasipoti ya huku, na mume wangu alikuja kwa viza hii akitokea Tanga. Naongelea Uingereza tu. Wa Marekani, Kanada na Ujerumani, sheria zenu ni nyingine kabisa, msije mkawachanganya watu.

Neno langu kubwa ni hili: viza hii inaanzia kwenye mshahara wa yule aliyeko huku. Sisi tunafanya kinyume. Posa, mahari, ukumbi, sare za vitenge, picha zimejaa mitandaoni, halafu bibi harusi amekaa kwa mama mkwe mwaka mzima ndipo bwana anaanza kuuliza eti kima cha mapato ni kiasi gani. Mkwe naye ameshaanza kuambiwa na majirani kwamba mwanawe ana mke mwingine huko ughaibuni.

Kwanza jua mlango wako ni upi. Viza ya mwenza ni kwa ajili ya mtu ambaye mumewe au mkewe ni raia wa Uingereza au wa Ireland, au ana ukaazi wa kudumu, au ana hadhi ya ukimbizi. Raia wa nchi za Umoja wa Ulaya waliokuwepo huku kabla ya Brexit, yaani kabla Uingereza haijajitoa kwenye Umoja huo, nao wana utaratibu wao. Kama wewe ni mwanafunzi au upo kwa viza ya kazi, mwenza wako anakuja kama tegemezi wa viza yako, na huko mambo yamebana sana. Tangu Januari 2024 mwanafunzi haleti familia isipokuwa anasoma shahada ya utafiti, kama udaktari wa falsafa, au amefadhiliwa na serikali. Wanaotunza wazee walifungiwa kuleta familia tarehe 11 Machi 2024, na tarehe 22 Julai 2025 hata ajira yenyewe ya kutunza wazee ikafungwa kwa watu wanaoomba kutoka nje. Wapo waliouza kiwanja kumlipa wakala, wakaahidiwa kwamba familia itafuata "baada ya miezi mitatu". Haikufuata.

Sasa pesa. Tangu tarehe 11 Aprili 2024 mdhamini, yaani yule aliyeko huku, anatakiwa awe na mapato ya £29,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Kabla ya hapo, kuanzia Julai 2012, ilikuwa £18,600. Serikali iliyopita ilitangaza kwamba ingepandisha hadi £38,700, mpango ukasimamishwa, lakini mpaka leo utakuta mtu kwenye kundi la WhatsApp anawatisha wenzake na hiyo 38. Aliyeingia kwenye njia hii kabla ya Aprili 2024 na bado yupo na mwenza yuleyule anaendelea na kima cha zamani anapoongeza muda.

£29,000 ni pesa gani kwa mtu wa kawaida? Muuguzi wa NHS (hospitali za serikali za huku) anayeanza daraja la 5 alikuwa analipwa £31,049 mwaka wa 2025/26, huyo amepita. Msaidizi wa wauguzi daraja la 2 alikuwa kwenye £24,465, huyo hajafika. Anayelipwa kima cha chini cha Aprili 2025, yaani £12.21 kwa saa, anahitaji karibu saa 46 kila wiki, wiki zote 52. Ndugu zetu wengi wapo hapo hapo, kwenye maghala, usafi, jikoni na nyumba za wazee. Kwa hiyo wanaongeza kazi ya pili, na inaruhusiwa. Mapato ya kazi mbili yanajumlishwa, na ovataimu inahesabiwa kwa wastani.

Ukiwa na mwajiri yuleyule miezi 6 au zaidi, unapeleka slipu za miezi 6, taarifa za benki za miezi hiyohiyo na barua ya mwajiri. Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Chukua slipu ya Machi. Mstari wa chini kabisa, baada ya kodi na pensheni, unasema £1,987.42. Afisa wa viza anafungua taarifa ya benki, anashuka mpaka Machi, anataka aione £1,987.42, si £1,987 wala £1,900, na jina la aliyeweka liwe ndilo lile lililo kwenye barua. Ukiwa ulimwomba bosi akupe kidogo mkononi, ujue hicho cha mkononi hakihesabiwi. Mwenye mshahara wa kiwango kilichopangwa anapimwa kwa kiwango cha chini kabisa alicholipwa ndani ya miezi hiyo 6, kwa hiyo kama mshahara ulipanda mwezi wa nne kati ya hiyo sita, subira ina faida. Na taarifa ya mwisho ya benki isiwe na zaidi ya siku 28 siku unapotuma maombi.

Ndiyo maana nasema tarehe ya harusi ifuate slipu. Mwezi wa kwanza wa mshahara uliofikia kima ndio mwezi wa kuanza kuhesabu. Mkitaka kuoana kabla, oaneni, heri, lakini bibi harusi aambiwe ukweli kwamba miezi sita ya kwanza ni ya karatasi.

Nitaendelea na vyeti. Karibuni.

---

Kijana wa Gerezani

Dada shukrani kwa uzi, umeshiba. Swali: mimi ndiye niliyeko Dar, mke wangu yupo Birmingham. Nina mshahara mzuri tu hapa, nafanya kazi benki. Si wanajumlisha wangu na wake?

BintiPangani

Hapana kaka. Mshahara wako wa Dar hauhesabiwi kabisa, hata ungekuwa mkurugenzi. Wanajua ukipanda ndege kazi hiyo umeiacha. Kinachohesabiwa chako ni akiba. Mkiwa na pesa taslimu zilizokaa benki miezi 6 mfululizo, kwa jina lako au lake au la wote, zinaweza kuziba pengo. Hesabu yake ni hii: £16,000 za kwanza hazisaidii kitu, kinachozidi hapo ndicho kinachogawanywa kwa 2.5. Mke wako akiwa anapata £24,465, pengo ni £4,535. Zidisha kwa 2.5, ongeza 16,000, unapata £27,337.50. Asiye na kipato kabisa anahitaji £88,500. Kwa hiyo kwa wengi wetu akiba ni hadithi, zamu za wikiendi ndizo zinazookoa.

Kama mke wako anapokea posho za ulemavu au ya kumhudumia mgonjwa, kima cha £29,000 hakimhusu. Anapimwa kama pesa inatosha kuishi tu. Hilo watu hawalisemi.

Kijana wa Gerezani

Nimeelewa. Ila kuna jamaa hapa mjini anasema atanitengenezea kila kitu, na slipu "atazirekebisha". Anataka milioni tatu.

MamaWawili_MK

Kimbia kaka yangu. Huyo ni kishoka.

Niwape na wa huku tahadhari: Uingereza kumpa mtu ushauri wa uhamiaji bila kusajiliwa ni kosa la jinai. Mamlaka inayosajili ilikuwa inaitwa OISC, tangu Januari 2025 inaitwa Immigration Advice Authority, na orodha yao ipo wazi mtandaoni, tafuta jina la huyo mtu wako. Kama si wakili na hayumo kwenye orodha, muage. Slipu yako ikitiliwa shaka Home Office (wizara ya mambo ya ndani ya huku, ndiyo inayotoa viza) wanaweza kuuliza mamlaka ya kodi, na kule kila senti uliyolipwa imeandikwa. Udanganyifu ukishaingia kwenye faili lako, kila ombi la baadaye linaanza na hilo.

---

BintiPangani

Nilisema nitarudi na vyeti.

Cheti cha ndoa. Tanzania Bara Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua ndoa ya Kiislamu, ya Kikristo, ya serikali na ya kimila, lakini wa huku anataka karatasi iliyosajiliwa. Ile ya msikitini au kanisani ihakikishe imefika RITA (wakala wa usajili wa Tanzania Bara), na cheti kihakikiwe mapema, si wiki ya kutuma maombi. Zanzibar sheria hiyo haifiki, kule ndoa ya Kiislamu ni mambo ya Kadhi na usajili una wakala wake. Karatasi yoyote iliyoandikwa kwa Kiswahili itafsiriwe, na mfasiri aandike kwamba tafsiri ni sahihi, aweke tarehe, jina kamili, saini na mawasiliano yake.

Majina! Sisi majina yetu matatu yanatutesa. Cheti cha kuzaliwa kina Mwanahamisi Ali Omari, kitambulisho cha taifa cha NIDA kina Mwanahamisi Omari Ali, pasipoti ina Mwanahamis bila i. Kwa mjomba pale Tanga ni mtu mmoja. Kwa afisa aliyekaa Sheffield ni watu watatu. Nyoosheni kabla, au mfanye kiapo kwa wakili kinachotaja majina yote.

Kiingereza. Anayeombewa anafanya mtihani wa kuongea na kusikiliza wa ngazi ya A1, yaani unaitwa nani, unaishi wapi, jana ulifanya nini. Mtihani ni mwepesi, tatizo ni kituo. Lazima uwe wa kituo kilichoidhinishwa kwa ajili ya viza za Uingereza. IELTS ya kawaida aliyofanya shemeji yako kuombea chuo haiingii. Na usiniambie "lakini nilisoma sekondari kwa Kiingereza", Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha ya nchi zinazosamehewa. Mwenye shahada iliyofundishwa kwa Kiingereza, kama ya Mlimani, anaweza kusamehewa akipata uthibitisho wa Ecctis, shirika linalolinganisha vyeti vya nje na vya Uingereza.

Kifua kikuu. Kwa Tanzania unapimwa kliniki ya IOM (Shirika la Kimataifa la Uhamiaji) Dar es Salaam, cheti kinadumu miezi 6. Usikimbilie kupima wakati slipu za mkeo bado ni nne.

Ushahidi wa uhusiano. Lazima mmewahi kuonana ana kwa ana. Pelekeni tiketi na mihuri ya pasipoti, picha chache zenye watu (wazee wa pande zote mbili wakiwemo ndiyo bora), risiti za kutumiana pesa, na mazungumzo ya WhatsApp ya kuchagua, kurasa chache za kila kipindi. Nimeona mtu amepakia mazungumzo ya miaka mitatu, "umekula?" "nimekula". Hakuna afisa atakayesoma hayo.

Makazi. Chumba kimoja kwenye nyumba ya kushirikiana kinatosha, mradi ni chenu peke yenu na nyumba haijajaa kupita kiasi. Barua ya mwenye nyumba akikubali kwamba mwenzako ahamie, basi.

---

Mzee wa Busara

Mleta uzi, bila kukukwaza. Mwanaume anamfuata mke Ulaya, analipiwa viza na mke. Hapo heshima iko wapi?

BintiPangani

Shikamoo mzee. Mume wangu alikuwa na karakana yake Tanga, hakuwa mtu wa kulishwa. Aliifunga, akaja, na sasa anatengeneza magari hapa Leicester kama alivyokuwa anatengeneza kule. Sheria haiulizi nani mume nani mke, inauliza nani ana karatasi za huku. Maneno ya mtaani tuliyasikia, tena mengine yalitoka kwa shangazi zake mwenyewe.

Mswahili wa Mvita

Mzee wa Busara hebu tuachie uzi wa watu.

Dada, mimi niko Mombasa. Mchumba wangu ana uraia wa huko. Kuna ustadh ametuambia tunaweza kufungishwa nikaha kwa simu, halafu niombe viza. Vipi?

MamaWawili_MK

Nikaha ya simu italeta maswali mengi kuliko majibu. Wanauliza ndoa ilifungwa nchi gani, na sheria ya nchi hiyo inaitambua? Na bado sharti la kuonana liko palepale. Mwambie mchumba apande ndege aje Mombasa, mfunge ndoa mbele ya watu, isajiliwe chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014, mpate cheti. Tiketi yake nayo inakuwa ushahidi.

Kinyume chake pia ni hatari: nikaha ya msikitini hapa Uingereza bila usajili wa serikali haitambuliki kisheria. Kama mnataka kuoana huku kuna viza ya mchumba, ni ya miezi 6 na haruhusiwi kufanya kazi mpaka abadilishe, mnalipa mara mbili. Na kwa wenye wake wawili, sheria ya hapa haimruhusu mtu kuwaleta wote.

---

Mtoto wa Bukavu

Ndugu, salamu kwenu wote. Miye niko Manchester, nilipata karatasi za ukimbizi. Bibi yangu na watoto wako kambi ya Nakivale, Uganda. Watu wananiambia mlango wa wakimbizi umefungwa. Ni kweli?

BintiPangani

Ndugu yangu, pole. Ni kweli. Zamani mwenye hadhi ya ukimbizi alikuwa anawaleta mke na watoto wa chini ya miaka 18 bila ada ya viza na bila kuulizwa mapato. Tarehe 4 Septemba 2025 serikali ilisimamisha kupokea maombi mapya ya njia ile. Kama ombi lako liliingia kabla ya tarehe hiyo, linashughulikiwa kwa utaratibu wa zamani, ulizia mwanasheria wako. Kama hukuwahi, wanakwambia utumie njia hii hii tunayoijadili, na £29,000 yake. Mimi hapa siwezi kupamba maneno. Mtu aliyekimbia risasi Kivu, amepewa ruhusa ya kufanya kazi juzi, anapimwa kwa kima kilekile cha mtu aliyezaliwa Leicester na kusomea Leicester. Ni sheria ngumu na ya dhuluma.

Lakini usikate tamaa kabla hujamwona mwanasheria anayeshughulikia wakimbizi. Yapo maombi yanayotazamwa kwa hali ya kipekee hata kama kima hakijafikiwa, hasa watoto wakiwemo. Usitume mwenyewe bila msaada. Na kipimo cha kifua kikuu kwa Uganda ni IOM Kampala, si Mbarara, kwa hiyo panga nauli ya watu wote kutoka kambini.

Mtoto wa Bukavu

Aksanti sana dada. Nimesikia.

---

Fundi Mchundo

Mimi nilinyimwa. Mwajiri wangu (simtaji) aliandika barua yenye mshahara wa mwaka tofauti na ule unaotoka kwenye slipu. Kosa la karani wake tu, lakini ombi likaenda na maji. Ada ya viza haikurudi, ile ya kutumia huduma za afya za huku ilirudi. Sijui nikate rufaa au niombe upya.

MamaWawili_MK

Kukata rufaa una haki, siku 28 tangu mwombaji apokee barua akiwa nje ya nchi. Ada ni £80 kwa kusomwa karatasi tu, £140 kwa kusikilizwa mbele ya jaji. Ila foleni ni ndefu. Ukinyimwa kwa tafsiri ya sheria, au mkiambiwa uhusiano wenu si wa kweli, rufaa ina maana, kwa sababu doa hilo lazima lifutwe. Ukinyimwa kwa barua mbovu ya mwajiri, mimi ningeomba upya na barua iliyonyooshwa. Inauma mfukoni, lakini mkeo atafika mapema.

Fundi Mchundo

Mfukoni ndiyo penyewe. Jumla ni ngapi hasa?

BintiPangani

Kwa viwango vya Aprili 2025, na ujue hupanda karibu kila Aprili kwa hiyo angalia tovuti ya serikali siku ya kulipa: ada ya viza kutoka nje £1,938, ada ya afya £1,035 kwa mwaka, wanakutoza miaka 3, ni £3,105. Hapo ni £5,043 kabla hujagusa mtihani, kifua kikuu, tafsiri na nauli. Viza ni ya miezi 33. Kisha kuongeza muda wa miezi 30: £1,321 na ada ya afya £2,587.50, safari hii Kiingereza cha A2. Baada ya miaka 5 ukaazi wa kudumu £3,029, Kiingereza cha B1 na mtihani wa maisha ya Uingereza. Jumlisha, ni karibu £12,000 kwa mtu mmoja. Ndiyo maana naona uchungu nikiona harusi ya milioni thelathini ya watu ambao hawajaweka hata senti ya viza. Kamati ya harusi ingechangia viza, nani angekufa?

Neema wa Mwanza

Mada nzuri. Mimi naenda kwa mume wangu, lakini nina binti wa miaka 9 wa baba mwingine. Baba yake yupo, hatumi matumizi. Naweza kwenda naye?

BintiPangani

Unaweza kumwombea, ila unatakiwa uonyeshe kwamba wewe peke yako ndiye unayebeba malezi yake. Si matumizi tu: nani anaamua shule, nani anampeleka hospitali, nani anasaini. Barua za shule zenye jina lako, risiti za ada, kadi ya kliniki. Barua ya ridhaa ya baba inasaidia, lakini peke yake haitoshi. Mwombeeni pamoja nawe, msimwache akaja baadaye. Watoto hawaongezi kima cha mapato, lakini ada ya viza na ya afya analipa, ya afya ni £776 kwa mwaka.

Neema wa Mwanza

Na mama yangu mzazi? Ndiye anayemlea huyu mtoto nikiwa kazini. (Hapo tutakuwa tumejipiga wenyewe kwenye malezi, au?)

BintiPangani

Umeliona mwenyewe. Bibi akisaidia si kosa, mradi maamuzi ni yako, na barua ya bibi ieleze hivyo. Ila kumleta mama kuishi, sahau. Tangu 2012 mzazi anaingia kama hawezi kujihudumia kabisa na hakuna msaada unaopatikana nyumbani hata wa kulipia. Ninaowajua waliopata ni wachache mno. Mama aje kutembea kwa viza ya matembezi, arudi kwa tarehe.

Kijana wa Gerezani

La mwisho, dada. Majibu yanachukua muda gani, na nikifika naruhusiwa kazi?

BintiPangani

Wanasema wiki 12 kwa maombi ya nje. Kuna malipo ya haraka pale yanapopatikana. Usiache kazi benki wala usikate tiketi kabla ya barua. Kazi unaruhusiwa kuanzia siku ya kwanza, ya kuajiriwa au yako mwenyewe, ila usiguse posho za serikali. Kadi za ukaazi za plastiki zimekwisha, sasa ni viza ya kielektroniki, kwa hiyo fungua akaunti yako na uhakikishe namba ya pasipoti ni sahihi kabla hujafika uwanja wa ndege. Kuongeza muda unaomba kabla viza haijaisha. Weka ukumbusho kwenye simu yako na ya mkeo, na slipu zake mwendelee kuzihifadhi, maana mtazitaka tena.